Somo la Wiki: "Patient" ni Mgonjwa au Mvumilivu?



Dada mmoja wa kwetu, mfanyakazi wa nyumbani hapa Sib, alifika kliniki na maumivu ya kichwa ya wiki mbili. Foleni ilikuwa ndefu. Alipouliza zamu yake, aliambiwa kwa Kiingereza, "Be patient." Yeye alijua maana moja tu ya neno hilo: mgonjwa. Akadhani ameshaandikwa mgonjwa, na kwamba bosi wake akisikia atamrudisha nyumbani. Akaondoka kimya. Aliporudi siku tatu baadaye, presha ilikuwa juu sana. Tunamshukuru Mungu, alitibiwa na anaendelea vizuri.

Sisi wauguzi tuliumia moyoni. Basi tujifunze neno hili.

"Patient" asili yake ni Kilatini, kitenzi "pati", yaani kuteseka au kustahimili. Lilipitia Kifaransa, na kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wakilitumia kwa maana zote mbili: mtu mvumilivu, na mtu anayetibiwa. Uvumilivu ni "patience", wagonjwa ni "patients", na yote mawili hutamkwa sawasawa. Hata mchezo wa karata wa mtu mmoja, Waingereza huuita "Patience". Kwa kawaida, ukisikia "be patient", unaombwa usubiri. Ukisikia "a patient" au "the patient", anatajwa mgonjwa.

Kitenzi hicho hicho kilizaa "passion", neno linalotumika kwa mateso ya Kristo, na "compassion", yaani kuteseka pamoja na mwenzako.

Kiswahili chetu kina maneno mawili tofauti, yote kutoka Kiarabu: subira na maradhi. Kwa maneno hatuyachanganyi, ila kwa matendo tunayachanganya. Tunaficha maradhi, halafu tunasema tuna subira.

Yakobo 5:11 inamtaja Ayubu kuwa mfano wa subira. Lakini someni Ayubu sura ya 3 na ya 7: alilia, aliuliza, alisema wazi panapomuuma. Subira yake haikuwa kunyamaza. Wahenga nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo, wapendwa:

- Ukiambiwa neno usilolielewa hospitalini, uliza kabla ya kuondoka. Si aibu.
- Nenda na mtu anayejua Kiingereza au Kiarabu, au mpigie simu akutafsirie.
- Kwa dharura, piga 9999.
- Tukikutana Ghala kwa ibada, tufuateni sisi wauguzi. Tutawasikiliza, na siri zenu tutazitunza.

Swali la kuzungumza nyumbani: ni nani kati yetu anayevumilia maumivu kimya wiki hii, na tunawezaje kuubeba mzigo huo pamoja naye? (Wagalatia 6:2)

Mungu awabariki.