Somo la Vikundi: Mtoto Aliyeuzwa Hana Hatia



Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, tunasoma kwamba Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Alikuwa na miaka 17. Kwa sheria ya Kenya ya leo, huyo bado ni mtoto, maana mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Tena alipofika Misri alitiwa gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda. Mambo hayo mawili, kuuzwa na kisha kulaumiwa, yanawapata watoto wetu mpaka leo.

Tuchukue mfano. Shangazi anakuja Krismasi kutoka mjini. Anamkuta msichana wa miaka 14 yuko nyumbani kwa kukosa karo. Anasema, "Nipeni huyu, nitamsomesha." Wazazi wanashukuru Mungu. Kumbe huko shule hakuna. Anafua, anapika, analea watoto, analala jikoni, na mshahara haoni. Siku akitoroka na kurudi, shangazi anasema ameiba. Na sisi majirani twasema, "Si alikubali mwenyewe kwenda?"

Sheria yasemaje?

Tunayo Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010. Tushike mambo matano:

1. Kukubali kwa mtoto si kitu. Kwa mtu mzima, yafaa kuonyesha kwamba alidanganywa, alitishwa au alilazimishwa. Kwa mtoto haihitajiki. Kumchukua au kumpokea ili anyonywe, iwe kwa kazi, ngono au ndoa, tayari ni kosa.

2. Si lazima kuvuka mpaka. Kutoka kijijini hadi mjini yatosha.

3. Adhabu si ndogo: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili. Akirudia, ni kifungo cha maisha. Anayemsaidia mwuzaji naye amo.

4. Mtoto hahukumiwi kwa kosa alilotenda kwa sababu ya kusafirishwa. Hata mtoto wa nchi jirani asiye na karatasi hafai kushtakiwa kwa kuwa hapa.

5. Mtoto anastahili matibabu, ushauri na mahali salama pa kukaa. Mahakama yaweza pia kuamuru mkosaji amlipe fidia.

Sasa tufanye nini?

Desturi yetu ni kumaliza mambo nyumbani. Mbuzi anachinjwa, wazee wanakunywa chai, shangazi anasamehewa. Lakini mtoto hapati kitu, na mwaka ujao shangazi anachukua mwingine. Hii si kesi ya mbuzi.

Pigeni simu namba 116. Ni ya watoto, ni bure, mchana na usiku. Nendeni polisi mkaandikishe, na msitoke bila namba ya OB. Mwoneni afisa wa watoto. Jina la mtoto msilitaje barazani wala kanisani, hata kwa maombi. Aibu ni ya aliyemnyonya, lakini tukilitangaza jina, mtoto ndiye ataibeba.

Na kabla mtoto hajatoka kijijini, kikundi kiulize: Anaenda kwa nani? Shule gani? Simu ya nani? Tuandike katika kitabu chetu cha mikutano, na baada ya mwezi mmoja tupige simu tuongee na mtoto mwenyewe. Mwenye nia njema hatakasirika.

Maswali ya kujadili

1. Ni watoto wangapi wametoka kijiji chetu mwaka huu, na tunajua waliko?
2. Mtoto akirudi usiku na nguo moja, atabisha mlango wa nani bila kuogopa?
3. Nani katika kikundi atachaguliwa kupiga hizo simu?

Yusufu hakuwa na mtu wa kumfuata. Watoto wetu wanatuona sisi.