Daftari Moja, Waandishi Wengi: Kuandika Majina ya Migomba ya Kagera bila Kufutiana Kazi

Mtu akiingia katika kibanja cha Mhaya, Bukoba au Muleba, akauliza jina la mgomba ulio mbele yake, atajibiwa papo hapo. Akivuka kilima na kuuliza habari za mgomba wa namna ileile, huenda akapewa jina jingine kabisa. Na huenda pia akalikuta lile jina la kwanza limepewa mgomba usiofanana na ule alioutazama asubuhi. Jambo hili si la Kagera peke yake. Huko Uganda, Deborah Karamura aliilinganisha kwa vipimo migomba ya nyanda za juu katika utafiti uliokamilika mwaka 1998. Majina mengi aliyoyakuta yalipungua yakawa aina 84, nazo akazigawa katika makundi matano.

Makala haya yanaeleza njia ambayo kwayo watu wengi, walio mbali mbali, waweza kuandika orodha moja ya namna hiyo bila mmoja kuifuta kazi ya mwenziwe. Njia yenyewe imetoka kwa watengenezaji wa programu za kompyuta, lakini tutaieleza kwa mgomba.

Orodha hiyo ina haja gani? Tangu katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria na ambao wakulima wengi huuita unyanjano, umeingia katika vibanja vya mkoa huu. Dawa ya kuuponya haipo. Mkulima huondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, husafisha panga lake kabla ya kuligusa shina jingine, na mgomba uliougua huung'oa. Ukiwa ni wa aina adimu, kinachobaki ni jina lake katika kumbukumbu za wazee. Aina mpya zilizotolewa rasmi mwaka 2021, TARIBAN 1 hadi 4, zilizaliwa pamoja na hati zake. Majina ya migomba ya zamani hayakuzaliwa ofisini, na mzee akifariki huondoka nayo.

Jinsi orodha inavyoharibika

Tuchukulie kwamba watu watatu wamekubaliana kuiandika orodha: mwanafunzi wa kata ya Kaagya, mwalimu wa Muleba, na bwana shamba aliyeko Bukoba mjini. Mwalimu anaongeza majina 12 na kumpelekea bwana shamba faili yake. Wakati huohuo mwanafunzi, ambaye bado ana nakala ya juma lililopita, anasahihisha humo makosa manne na kuipeleka yake. Bwana shamba anapokea faili mbili zenye jina moja, anahifadhi ile iliyofika mwisho, na majina 12 ya mwalimu yamekufa wala hakuna aliyekusudia kuyaua. Baada ya miezi miwili kompyuta ya bwana shamba ina faili ziitwazo «orodha mpya», «orodha mpya ya mwisho» na «orodha ya mwisho kabisa». Msomaji aliyewahi kufanya kazi ya kuandika pamoja na wenzake anazifahamu faili hizi.

Dawa ya ugonjwa huu huitwa udhibiti wa matoleo. Marc Rochkind alianza kutengeneza programu ya kazi hiyo katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1972, nyingine zikafuata. Iliyoenea kuliko zote leo ni Git, ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 ili maelfu ya watu waweze kuijenga pamoja programu ya Linux. Baadaye waandishi wa vitabu vya mafundisho, kamusi na orodha za kisayansi wakaona kwamba shida yao ni ileile. Wikipedia ya Kiswahili, iliyofunguliwa mwaka 2003, haitumii Git, lakini hufuata kanuni iliyo karibu nayo: kila ukurasa una historia yake, na toleo la zamani laweza kurudishwa.

Kinachohifadhiwa

Katika Git, kila mara mwandishi anapomaliza sehemu ya kazi, huweka toleo. Toleo hilo huonyesha hali ya maandishi yote kwa wakati ule, na pamoja nalo huandikwa nani amebadili, lini, na kwa sababu gani. Programu hulipa namba ya herufi na tarakimu 40. Namba hiyo haitungwi ovyo. Hukokotolewa kutokana na maandishi yenyewe, jina la mwandishi, tarehe, maelezo yake, na namba ya toleo lililotangulia. Kwa hiyo mtu akichezea nukta moja katika toleo la zamani, namba ya toleo hilo itageuka, na za yote yaliyolifuata zitageuka pia, na wenzake watatambua.

Anayejiunga na kazi hachukui ukurasa wa mwisho tu. Huchukua hazina nzima na historia yake, kama mkulima achukuaye chipukizi kwa jirani, ambalo ndani yake mgomba mzima umo. Mfano huu una ukweli zaidi ya unavyoonekana, kwa maana utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki zimetokana na mmea mmoja wa asili, na kwamba tofauti zake zimetokea kidogo kidogo kadiri machipukizi yalivyohamishwa kutoka mkono hadi mkono. Tofauti ni kwamba mgomba hauandiki ulikotoka.

Kwa kuwa hazina yote imo katika kompyuta ya kila mmoja, mwanafunzi wa Kaagya huweza kufanya kazi siku nzima bila mtandao, kisha akapeleka matoleo yake atakapoupata. Hufanya hivyo katika tawi, yaani mfululizo wa matoleo uliotengwa na orodha kuu. Akiridhika hutoa ombi la kuunganishwa. Wenzake huonyeshwa mistari aliyoiondoa na aliyoiongeza. Huuliza, husahihisha, na mmoja wao huidhinisha.

Ili ulinganisho huo ufanyike vizuri, orodha iandikwe kwa maandishi matupu, yasiyo na mapambo, na kila mgomba upewe mstari wake, kwa sababu programu hulinganisha mstari kwa mstari. Ukiirundika migomba kumi katika aya moja, badiliko la herufi moja litaonekana kama badiliko la aya nzima, na msomaji atachoka kulitafuta.

Maelezo ya badiliko hudharauliwa sana na wanaoanza. Wengi huandika «nimesahihisha», na neno hilo halimsaidii mtu. Linganisha na haya: «Nimeitoa entobe katika fungu la ndizi za pombe. Wenye vibanja watatu niliowauliza wamesema wao huipika.» Miaka kumi baadaye mtu atakayeshangaa kwa nini entobe ilihamishwa ataikuta hoja pamoja na uzito wake: watu watatu, wala si mmoja, wala si mia.

Mgongano, na unganisho la kimya

Siku moja mwanafunzi anaongeza maelezo katika mstari wa mgomba ambao kwao umeandikwa enshakala. Mwalimu, katika tawi lake, ameugeuza mstari uleule kuwa enshakara. Matawi yanapounganishwa programu husimama, huziweka kauli zote mbili katika faili kati ya alama za mishale, na kungoja. Haiamui, na ni vema isiamue. Herufi l na r katika lugha hii hubadilishana nafasi bila kuigeuza maana. Hata jina la lugha wengine huandika Luhaya na wengine Ruhaya, na Henry Muzale alichagua r katika Kamusi ya Ruhaya-Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa mwaka 2006 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaoandika wakishindana hapa nani ana haki, watashindana hadi masika. Jawabu lililo bora ni kutambua kuwa safu moja haitoshi: iwepo safu ya tahajia iliyokubaliwa na nyingine ya jina kama lilivyotamkwa, pamoja na mahali liliposikiwa.

Mgongano wa namna hii huwatisha wanaoanza, nami naona hofu yao imeelekezwa pabaya. Linalostahili kuogopwa ni unganisho linalopita kimya. Tuseme mwalimu ameongeza mwishoni mwa orodha jina alilolisikia Muleba, naye hajui kwamba mgomba huo umekwisha kuandikwa juu kwa jina la Kaagya. Mistari ni tofauti. Kwa hiyo programu haioni ubaya wowote, inaunganisha, na orodha sasa ina migomba miwili mahali palipo na mmoja. Kinyume chake pia hutokea: jina moja likasimama mstari mmoja kwa niaba ya migomba miwili, mmoja wa kupika na mmoja wa rubisi. Siku mgomba wa rubisi utakapong'olewa kote kwa ajili ya mnyauko, orodha itaendelea kutuambia kuwa upo.

Kinga ya kosa hili haimo ndani ya programu. Kila mgomba upewe namba yake kwanza, na majina yote yawe sifa za namba hiyo. Pasiongezwe mstari mpya bila picha ya mkungu, rangi ya shina, matumizi ya ndizi, na kibanja ulikoonekana. Na anayeidhinisha aende kuitazama migomba inayoshukiwa ikiwa imesimama, si katika kioo cha kompyuta. Hapo bwana shamba mwenye pikipiki ana faida kuliko fundi wa kompyuta.

Neno jingine linahusu idhini. Kitu kilichokwisha kuingia katika historia ya Git na kunakiliwa na wengi ni vigumu mno kukiondoa. Kwa hiyo mzee anayetoa maelezo aelezwe hivyo mapema, aulizwe kama ataka jina lake litajwe, na jibu lake liheshimiwe kabla ya toleo kuwekwa.

Mzee huyo pengine hatagusa kompyuta kamwe, naye ndiye msahihishaji aliye bora. Kwa ajili yake orodha huchapwa katika karatasi na kupelekwa kijijini, na chini ya kila ukurasa huandikwa herufi na tarakimu saba za kwanza za namba ya toleo. Akisema kwamba mstari wa tisa si kweli, mwanafunzi huandika saba hizo pembeni mwa daftari lake pamoja na maneno ya mzee. Akirudi kwenye kompyuta hulifungua toleo lilelile alilolisoma mzee, hata kama orodha imekwisha kubadilika mara ishirini, na kuanzia hapo hufungua tawi la masahihisho.