Dhahabu ya Sekenke na Masomo ya Biashara

Apitaye barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega hufika mlima wa Sekenke, mahali ambapo nchi ya juu ya Iramba hushuka kwa ghafula hata mbuga ya Wembere. Madereva wa malori waujua mteremko huo kwa breki zao. Wengine waujua kwa ajili ya dhahabu. Wajerumani waliigundua mwaka 1907, wakaanza kuichimba mwaka 1909. Na vita ilipowabana, mwaka 1916, dhahabu hiyo ilifika Tabora, na huko, katika karakana ya reli, zikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo zatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale katika nchi za mbali, wala si wengi wao wajuao Sekenke iko wapi.

Hatuyakumbushi hayo ili kuwalaumu watu waliokwisha kwenda zao. Twataka kuonyesha jambo moja tu: walioingia shimoni walijua kuchimba na kubeba, bali kupima, kukadiria gharama na kuuza kulikuwa mikononi mwa wengine. Na hata leo mchimbaji mdogo aweza kutoa viroba vyake vya mawe, akamlipa mwenye karasha, akalipia maji, akamgawia mwenye duara, na jioni asijue kama amepata au amepoteza. Tangu mwaka 2019, masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa nchini, bei ya dhahabu si siri tena. Lakini bei itamfaa nini mtu asiyejua gharama yake mwenyewe?

Kwa sababu hiyo twafurahi kuona ya kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeufungua mkondo wa amali, na ya kuwa Elimu ya Biashara imewekwa miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari. Shule zetu za Kikristo zaweza kuongeza juu ya hayo mafunzo ya ujasiriamali, na kuwapeleka wanafunzi wakafanye kazi kwa muda karakanani, dukani au kwenye mashine ya kukamua alizeti. Ni jambo jema. Walakini jambo jema laweza kuharibika kwa jinsi linavyofanywa, nasi tumekwisha kuliona likiharibika.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia shamba au karakana, na wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Neno hilo la mwisho ndilo lililosahauliwa mahali pengi. Sisi tuliosoma katika miaka iliyofuata twakumbuka vizuri: aliyechelewa alipelekwa shambani, aliyepiga kelele alipelekwa shambani. Mahindi yalivunwa, yakauzwa, na hatukuonyeshwa hata siku moja yameuzwa kwa kiasi gani. Tulijifunza kulima, jambo ambalo mama zetu walikwisha kutufundisha. Tena tulijifunza ya kwamba kazi ni adhabu.

Basi somo la biashara na lianze na daftari ya hesabu. Tuseme msichana wa kidato cha pili amenunua trei moja ya mayai 30 kwa shilingi 9,000, akusudia kuuza kila yai kwa shilingi 400. Atajihesabia haraka: 12,000 toa 9,000, faida 3,000. Naye atafurahi. Lakini amelipa nauli shilingi 1,000. Mayai mawili yamevunjika njiani. Mawili yamekaangwa nyumbani kwa sababu mgeni alifika. Amebakiwa na 26, ameuza kwa shilingi 10,400, na matumizi yake ni 10,000. Faida ya kweli ni shilingi 400, bei ya yai moja, tena hajaihesabu siku nzima aliyokaa juani. Na kama jirani mmoja amechukua mayai manne kwa deni, leo mkononi ana shilingi 8,800, wala hawezi kununua trei nyingine. Mtoto aliyeandika hayo kwa mkono wake amejifunza mtaji, gharama, hasara na deni kuliko kwa kukariri maana za maneno hayo ubaoni. Yafaa aruhusiwe kupata hasara ndogo akiwa bado shuleni, na mwalimu asimcheke.

Kuhusu kuwapeleka wanafunzi kazini, twapenda kuwakumbusha wakuu wa shule habari ya Mtakatifu Yohane Bosco. Tarehe 8 Februari 1852, mjini Torino, alimweka kijana mmoja kwa fundi seremala, wala hakuridhika na maneno ya mdomo. Iliandikwa hati, nao wakaitia sahihi. Fundi aliahidi kumfundisha useremala kwa miaka miwili. Kumrudi kwa maneno tu, bila kumpiga. Kutomtuma kazi zisizo za useremala. Kumpumzisha siku za sikukuu, na kumpa likizo ya siku 15 kwa mwaka. Ujira nao ulipangwa upande kadiri ujuzi wake ulivyopanda. Waajiri wa siku zile walizoea kuwafanya wanagenzi watumishi wa nyumbani, naye alilijua hilo.

Je, sisi leo twaandika hati ya namna hiyo? Mara nyingi mwanafunzi hupelekwa kwa barua fupi ya kuomba nafasi, basi. Akifika, hupewa ufagio, akachota maji, akatumwa chai, na baada ya wiki nne hupewa cheti. Hapo shule imetoa kibarua wa bure, wala haikutoa mafunzo. Barua ya shule na itaje ni kazi zipi atakazofundishwa, nani atakayemsimamia, atarudi nyumbani saa ngapi, na atalala wapi kama ametoka mbali. Kwa wasichana mambo mawili ya mwisho si madogo hata kidogo.

Tena kuna mpaka ambao hatuwezi kuuvuka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 asifanyishwe kazi za hatari, na uchimbaji wa madini umo. Kwa hiyo hata kama mzazi wa Sekenke ana duara lake, na hata kama anasema kwa moyo mweupe ya kuwa ndiyo kazi aijuayo, shule isimhesabie mtoto siku za shimoni wala za kushika zebaki kuwa ni mafunzo. Zipo nafasi nyingine karibu: duka la vifaa, fundi wa pikipiki, mama lishe mwenye wateja wengi, mfugaji wa nyuki, mnunuzi wa vitunguu. Mama lishe huenda akawa mwalimu bora kuliko wote, maana hesabu yake hufungwa kila siku, na chakula kilichobaki hakimngoji.

Mashine za kukamua alizeti nazo hupata kazi nyingi baada ya mavuno, na likizo ya Juni huangukia papo hapo. Mwenye mashine hana nafasi ya kusoma barua wakati magunia yamefika mlangoni. Aandikiwe mapema, kabla ya Pasaka, na mwalimu aende mwenyewe kumwona.