Jiwe la Mizani: Tofauti ya Kiwandani na Alama ya Tupa

Mlaji anayenunua maharage au mchele wa Ndungu katika soko la Same, na mkulima anayeteremsha tangawizi kutoka Mamba Myamba, huenda wakapimiwa kwa mizani ya mawe. Wote wawili hutazama mshale wa mizani, na ni wachache wanaolitazama jiwe lenyewe. Katika somo hili tunaeleza namna ya kulitazama, kwa sababu jiwe halali laweza kuonekana la kutiliwa shaka, na lililochezewa laweza kuonekana zima.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mawe mawili ya kilo 1 yaliyotoka viwanda tofauti hayalazimiki kulingana kwa kimo wala kwa unene. Moja laweza kuwa na pembe sita, jingine likawa la mviringo lenye kishikio. Jiwe la shaba nyeupe huwa dogo kuliko la chuma cha kusubu lenye uzito uleule. Hata mawe ya kiwanda kimoja hutofautiana kidogo, kwa kuwa chuma kinachomiminwa katika kalibu hakitoki sawasawa kila mara. Kwa hiyo kusema “hili ni fupi, basi limekatwa” ni kumwonea mfanyabiashara.

Kiwanda chenyewe huijua kasoro hiyo na huirekebisha. Mawe mengi ya chuma cha kusubu huachiwa tundu, aghalabu upande wa chini. Ndani yake hutiwa risasi, ile metali laini na nzito, mpaka uzito utimie, kisha tundu huzibwa kwa kizibo cha risasi. Juu ya kizibo hicho ndipo mkaguzi hugonga mhuri baada ya uhakiki. Mlaji akiliona tundu lililozibwa na kugongwa mhuri asishtuke, kwani hiyo ni kazi ya kiwandani na uthibitisho wake. La kushtua ni tundu lililo wazi, kizibo kilichochokolewa kandokando, au risasi inayong'aa upya ilhali jiwe zima limefubaa. Vivyo hivyo mhuri uliovurugika nusu, kana kwamba kizibo kiling'olewa kikarudishwa.

Tofauti inayovumilika ni ndogo mno. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, kwa daraja la mawe liitwalo M3, huruhusu jiwe la kilo 1 lizidi au lipungue kwa nusu gramu, la kilo 5 kwa gramu 2.5, na la kilo 10 kwa gramu 5. Hakuna mnunuzi wa maharage atakayeumia kwa nusu gramu. Anayetaka kuiba hutafuta gramu 50 au zaidi, na kiasi hicho hakitoki bila kuacha alama. Gramu 50 za chuma cha kusubu ni takriban sentimeta za ujazo 7, yaani karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Za risasi ni pungufu ya kijiko kimoja, na ndiyo sababu kizibo huwa mahali pa kwanza pa kuchunguza. Jiwe la namna hiyo likitumika mara 20 kwa siku, kilo nzima imebaki kwa muuzaji.

Uchakavu nao una sura yake. Jiwe lililotumika miaka mingi hulainika kingo zote kwa pamoja, rangi hubanduka pale mkono unaposhika, na namba hufifia polepole. Tupa hufanya kazi tofauti: huacha bapa upande mmoja, michirizi inayoelekea njia moja, na ukingo mkali mahali palipopaswa kuwa pa mviringo. Keekee huacha tundu lenye kuta nyororo, na mara nyingine tundu hilo hufichwa kwa rangi au nta. Katika Milima ya Upare, ambako Washana wa Ugweno walikuwa mafundi wa uhunzi tangu zamani, hatuhitaji kueleza sana kwamba chuma hubakisha alama ya kila chombo kilichokigusa.

Mkulima anayeuza, tofauti na mlaji, huumizwa na jiwe lililoongezwa uzito. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye mizani ya jukwaa yenye mawe ya kuning'iniza, kwa kuwa mara nyingi uwiano wake ni 1 kwa 100. Jiwe la gramu 200 husimama badala ya kilo 20. Mnunuzi akilibandika gramu 20 za risasi, kila gunia la tangawizi litasomeka pungufu kwa kilo 2. Mkulima na alitazame jiwe hilo dogo kwa chini, na asome uwiano ulioandikwa juu yake kama unalingana na ulioandikwa kwenye mizani.

Lipo jaribio jepesi kwa mizani ya sahani mbili. Weka jiwe la kilo 2 upande mmoja na mawili ya kilo 1 upande wa pili. Yasipolingana, badilishana pande. Uzito ukihama pamoja na mawe, mawe hayapatani. Upande uleule wa mizani ukiendelea kushuka, kasoro ni ya mizani. Yakilingana, hilo peke yake halitoshi, maana seti nzima yaweza kuwa imepunguzwa kwa uwiano mmoja. Wala pakiti ya sukari ya kilo 1 haifai kuwa kipimo cha kupimia jiwe, kwa kuwa nayo ina kifungashio na tofauti zake.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, humtaka mfanyabiashara atumie vipimo vilivyohakikiwa, na uhakiki hurudiwa kila mwaka. Ukiwa na shaka, omba kupimiwa upya kabla ya kulipa, na uombe kuona mhuri. Usimnyang'anye mtu jiwe wala kumwita mwizi mbele ya watu. Andika tarehe, mahali, uzito ulioandikwa kwenye jiwe na alama uliyoiona, kisha upeleke taarifa ofisi ya Wakala wa Vipimo mkoani Kilimanjaro, ambako jiwe litapimwa dhidi ya jiwe la rejea.