Kabla ya Kung'oa Jino: Maumivu ya Taya na Uso

Si kila maumivu ya shavuni hutoka kwenye jino. Wapo waliong'olewa gego, wakarudi nyumbani na maumivu yaleyale, wakang'olewa na la pili, kumbe tatizo lilikuwa kiungo cha taya au misuli ya kutafunia. Ukiambiwa jino litolewe, una haki ya kuuliza: "Daktari, umeliangalia na taya langu?"

Kiungo kiko wapi

Weka vidole mbele ya masikio yote mawili, kisha fungua na ufunge kinywa polepole. Utasikia kitu kikisogea chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya. Ndani yake, kati ya mfupa na mfupa, kuna kisahani laini ambacho kikihama kidogo, taya hulia "tk" unapopiga mwayo. Mlio peke yake, bila maumivu wala taya kukwama, hauhitaji tiba. Watu wengi wanao.

Sasa ng'ata meno kwa nguvu. Misuli inayotuna mashavuni na kwenye panja ndiyo inayouma mara nyingi zaidi, hasa kwa anayesaga meno usingizini au kuyabana mchana akiwa na mawazo. Kutafuna miraa au bazoka kwa saa nyingi nako huichosha.

Daktari anavyopima

Kipimo kikubwa ni maelezo yako na vidole vyake. Atauliza kama maumivu huzidi ukitafuna, na kama huamka taya limekaza. Atabonyeza misuli na kiungo, halafu atauliza: "Haya ndiyo maumivu yako ya kila siku?" Usijibu kwa adabu tu. Kama ni maumivu mengine, sema ni mengine, maana jibu hilo ndilo linaloamua.

Atapima pia kinywa kinafunguka kiasi gani. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha milimita 40 hivi, yaani vidole vyake mwenyewe vitatu vikisimamishwa kati ya meno ya mbele. Atagonga meno na kuchungulia masikio. Eksirei huonyesha mifupa na mizizi ya meno, si misuli. Kisahani huonekana kwa MRI, kipimo cha gharama ambacho wagonjwa wengi hawakihitaji.

Maumivu yasiyo ya taya yana dalili zake: jino bovu mara nyingi hushtuka kwa maji baridi au chai ya moto. Neva ya hisia za uso ikiugua, hupiga shoti kali ya sekunde chache, hata kwa kunawa tu. Matubwitubwi huvimbisha shavu mbele ya sikio, mara nyingi pamoja na homa.

Wahi hospitali siku hiyohiyo

Taya likikaza baada ya jeraha, huenda ni pepopunda. Likiuma pamoja na kifua kubana au jasho jingi, huenda ni moyo. Aliyevuka miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa, taya linalochoka akitafuna, au macho yanayofifia, asilale nyumbani. Kinywa kikigoma kufunga baada ya mwayo, msilisukume taya wenyewe.

Kama maumivu yako hayana dalili hizo, anza na vyakula laini, kitambaa cha uvuguvugu shavuni, na mazoea haya: midomo ifungwe, meno yaachane. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au kukiwa na kidonda kinywani kisichopona, nenda kwa daktari wa kinywa na meno, si kwa mng'oa meno wa mtaani.