Kila Mmoja na Kazi Aliyoumbiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wazee wetu wakikaa barazani baada ya sala ya Alasiri huulizana mara kwa mara: mtoto huyu tumtie kazi gani? Na kijana naye hujiuliza moyoni, huku akiona haya kulitamka: mimi nafaa kwa lipi? Masuala haya mawili kwa hakika ni moja, na dini yetu haikuliacha bila ya jawabu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kwamba Masahaba walimwuliza Mtume (s.a.w.): ikiwa mambo yote yamekwisha kuandikwa, kwa nini tusiyategemee yaliyoandikwa tukaacha kutenda? Naye akawaamrisha watende, akawajulisha kuwa kila mtu hufanyiwa wepesi katika lile aliloumbiwa. Asili ya Hadithi hii ni mambo ya Akhera, walakini mpangilio wake ni funzo hata katika mambo ya dunia. Tazama vipi amri ya kutenda ilivyotangulia, na wepesi ukaja nyuma yake. Basi mwenye kutaka kukijua kipawa chake hatakijua kwa kukaa akingoja moyo wake umwambie. Atakijua mkono wake ukiwa kazini.

Mfano ulio wazi ni wa Zaid bin Thabit, Mwenyezi Mungu amridhie. Mtume alipohamia Madina, Zaid alikuwa mtoto yatima wa miaka 11. Siku ya Badr hakuruhusiwa kwenda vitani kwa udogo wake. Lakini jamaa zake walikuwa wamemwona ana jambo jingine, wakampeleka kwa Mtume wakamweleza kuwa kijana huyu amekwisha kuhifadhi sura 17. Mtume akamsikiliza, akapendezwa naye, akamwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi. Zaid mwenyewe amesimulia kuwa hakikupita ila kiasi cha nusu ya mwezi akawa ameyajua. Akawa mwandishi wa Wahyi. Na baada ya vita vya Yamama, walipokufa wasomaji wengi wa Qurani, Abubakar hakutafuta mwengine wa kuikusanya ila yeye; na zama za Uthman akawa tena mbele ya walioandika misahafu. Mlango wa Badr ulifungwa kwake, na mlango mwengine ukafunguliwa ambao sisi sote twala matunda yake hata leo.

Wala tusidhani kuwa wepesi huo maana yake ni kutoona taabu. Zaid huyo huyo, alipotakiwa aikusanye Qurani, alisema kuwa lau angaliamrishwa kuhamisha jabali lisingalimwelemea zaidi ya kazi ile. Basi anayeiacha kazi kwa sababu imekuwa nzito, akasema hii siyo niliyoumbiwa, amejihadaa. Uzito si dalili ya kuwa umekosea njia.

Huenda mtu akauliza: nitapambanua vipi baina ya kipawa nilichopewa na hawaa ya nafsi yangu? Tunajibu kuwa ziko alama tatu.

Kwanza ni kudumu. Hawaa huwaka kama moto wa makuti, hupanda juu kisha huzimika. Kipawa hubaki hata upya wa jambo umekwisha na sifa za watu zimenyamaza.

Pili ni ushahidi wa wajuzi. Mtu hajishuhudii mwenyewe. Abu Dharr alikuwa mkweli na mwenye zuhudi, na Mtume akimpenda. Hata hivyo alipotaka apewe uongozi, Mtume alimwambia wazi kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana. Imepokewa na Muslim. Kukataliwa huko kulikuwa ni nasaha na rehema. Basi kijana na amwendee fundi wa kazi ile au mwalimu wa elimu ile, atake kuambiwa kweli, na akiambiwa aikubali.

Tatu ni kuwa jambo lenyewe ni halali na lina manufaa kwa watu. Kipawa cha kula haki za watu si kipawa, ni mtihani.

Sasa twaja kwa wazazi, kwani hapa ndipo penye madhara makubwa. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), katika kitabu chake cha malezi ya watoto amemtaka mzazi amchungue mtoto ameelekea wapi: mwenye fahamu na hifadhi njema atiwe katika elimu, na ambaye jicho lake limefunguka kwa kazi ya mkono aachiwe aishike, maadamu ni ya halali, baada ya kufunzwa dini yake. Akaonya kuwa mwenye kusukumwa kwa lisilo lake hafuzu, na lake pia humpita. Na Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii twasoma vitabu vyake, alitiwa dukani na babake alipokuwa mtoto, lakini biashara haikumshughulisha na Qurani. Mtu mwema aliyemwona akamuusia mwalimu wake, khabari ikamfikia babake, naye akamtunza mwanawe mpaka akaikhitimu. Lau baba yule angalishikilia duka, tungalikosa Riyadhus Salihin.

Na wako miongoni mwetu wanaoona kazi ya mkono ni aibu. Kijana mwenye mkono wa useremala hukalishwa miaka akingojea kazi ya afisi, ilhali milango ya Lamu na majahazi ya Matondoni ni kazi za mikono iliyoheshimiwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alilalamika kuwa watu wa zama zake wamejazana kwenye fiqhi huku miji mingi haina tabibu Muislamu, ilhali utabibu ni fardhi ya kifaya. Hapa Mombasa pia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, palifunguliwa Mombasa Institute of Muslim Education ili Waislamu wasomeshwe ufundi. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Daktari, fundi wa umeme, mwalimu wa chuoni na mshoni, kila mmoja huwaondolea wenziwe dhambi ya jambo kukosa mtu.

Mwengine atasema: umri umenipita. Basi na amjue Al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 Hijria (1026). Alikuwa fundi wa makufuli, hodari katika kazi yake, na hakuanza kusoma fiqhi ila alipofika umri wa miaka 30. Akawa imamu mkubwa wa madhehebu yetu, na jina la ufundi wake likabaki naye.

Na atakayesema kuwa alipendalo halimlishi, amtazame Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo huku akisomesha. Duka lililinda elimu, na elimu ikalisafisha duka. Kutafuta riziki ya halali kwa mkono mmoja na kushika kipawa kwa mkono wa pili si unafiki wala si udhaifu.

Ewe ndugu, kipawa ni amana, na amana huulizwa. Mwenye kukitia nia njema, kazi yake ya dunia huwa ibada. Na mwenye kukizika ataulizwa alikizika kwa nini.

Masuala ya kuzungumzwa darasani:
1. Kwa nini amri ya kutenda imetangulia katika Hadithi tuliyoitaja?
2. Ni kazi gani ya fardhi ya kifaya iliyokosa watu katika mtaa wetu?
3. Ni nani katika watoto wetu tumemsukuma kwa lisilo lake, na vipi tutamrudisha?

Mwenyezi Mungu atujulishe yanayotufaa, na atuwafikishe kuyatenda. Amin.