SOMO LA BUSTANI: NDIMU NA MANUKATO KATIKA UGA MMOJA



Kila mmoja wetu ajua kuwa mkarafuu hauna mwendo mmoja. Mwaka huu waweza kuzaa hata majamvi ya kuanikia yasitoshe, na mwaka ujao tukapata vikapu vichache tu. Mche mpya nao hutaka miaka 6 mpaka 8 kabla ya mavuno ya kwanza. Tena tusisahau tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwenye kutegemea mti mmoja huishi kwa wasiwasi. Kwa hivyo somo la safari hii lahusu ardhi iliyo karibu nasi kuliko shamba, nayo ni uga wa nyumba.

Tutazame namna ya kupanda miti ya jamii ya ndimu pamoja na mimea ya manukato. Mimea hii yapatana vizuri, lakini si kwa sababu inayodhaniwa na wengi.

1. Kuchagua mche

Mndimu waweza kupandwa kwa mbegu. Mbegu moja mara nyingi hutoa machipukizi mawili au matatu. Bakisha lenye nguvu, na yaliyo dhaifu uyang'oe. Lakini mchungwa na mchenza yafaa ibebeshwe, yaani jicho la mti mzuri liungwe juu ya shina la mche mwingine. Mti uliobebeshwa huzaa mapema kuliko uliotoka katika mbegu.

Shina la chini liwe la mlimau mkali, wala lisiwe la mdanzi. Iko maradhi iitwayo tristeza, inayochukuliwa na vidukari, ambayo huua mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi. Huko Ajentina na Brazili maradhi hayo yaliua mamilioni ya miti tangu miaka ya 1930. Basi ukinunua mche, muulize muuzaji umebebeshwa juu ya nini. Asipojua, mwache na mche wake.

2. Mahali na nafasi

Miti hii yapenda jua na haipendi maji yaliyotuama. Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza, upande masika yanapoanza. Baina ya mti na mti acha futi 15 kwa mndimu na futi 20 kwa mchungwa. Mahali palipoungwa pabaki juu ya udongo, pasifukiwe.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kuwa mizizi inayolisha miti hii iko karibu sana na uso wa ardhi. Atakayelima kwa jembe chini ya mndimu ili apande mrehani huwa akata chakula cha mndimu wake. Chini ya mti tandaza majani makavu tu, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja. Mrehani, waridi na mchaichai ipandwe nje ya kivuli cha matawi. Mwasumini upewe ua au kichanja chake, usiachwe ukapanda juu ya mndimu na kuufunika. Mlangilangi, kwa kuwa ni mti mrefu, ukae pembeni kabisa mwa uga, nao ukatwe kichwa ukifika futi 7 au 8. Hivyo ndivyo wafanyavyo wakulima wa Ngazija na Nzuwani, ili matawi yashuke na maua yachumwe kwa mkono.

3. Harufu na wadudu

Wengi husema kuwa manukato hufukuza wadudu wa ndimu. Msitegemee hayo. Harufu ya karafuu yatokana na mafuta yaitwayo eugenoli. Baadhi ya aina za mrehani zina mafuta yaliyo ndugu yake, yaitwayo methili-eugenoli, na hayo humvuta nzi wa matunda wa kiume badala ya kumfukuza. Nzi huyo mgeni kutoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003, kisha akaenea mpaka visiwani kwetu. Ukiwaona wengi juu ya mrehani, jua kuwa majike nao wako karibu na machenza yako. Okota kila siku matunda yaliyoanguka, uyafukie futi 2 chini ya ardhi, kwa sababu ndani yake mna mabuu.

Viwavi wanaokula majani ya mndimu hufanana na mavi ya ndege wakiwa wachanga, kisha huwa kijani. Waokote kwa mkono. Maji moto nao huwala viwavi, ila huuma wachumaji, tena hufuga wadudu magamba, kama M. J. Way alivyoona juu ya mikarafuu ya hapa Zanzibar katika miaka ya 1950.

4. Kuchuma na kuuza

Faida ya kweli ya manukato ni soko lake. Asumini huchumwa alasiri, ingali vitumba, ifunguke jioni mikononi mwa mnunuzi. Langilangi huchumwa alfajiri, likisha kuwa manjano. Mrehani ukate kabla ya kutoa mbegu, ubakishe majani ya chini upate kuchipua tena. Karibu na Idi na wakati wa harusi vikuba hutakiwa sana, na ndimu hutakiwa kila siku jikoni.

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba. Mara nyingi mwenye kumwagilia na kuchuma asumini ni mke au binti. Basi pesa za asumini ziwe zake. Tukizichukua sisi, msimu ujao mwasumini utakauka, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Kabla ya masika, kila mwanachama apime uga wake kwa kamba, atie vijiti mahali pa mashimo, na atazame jua linapita wapi asubuhi na jioni. Asiye na nafasi ya miti mitatu apande mmoja, aupe nafasi yake kamili. Haba na haba hujaza kibaba.

Katibu wenu.